Macho ya Nembo

Mwenyekiti mpya wa bodi ya chuo, hata kiti chenyewe hakijapata joto, alianza na lile lango. Walimu waliitwa ukumbini kumpokea. Walivaa nguo zao za heshima wakijua watasikia habari za mabati yanayovuja na vyoo vya wanafunzi, ambavyo Mungu ndiye anajua vilikuwa na hali gani. Yeye akapanda jukwaani, akasafisha koo, akasema mabati yatasubiri. Kwanza kuna mwanamke wa mikono minne pale langoni, na yeye hawezi kuongoza chuo ambacho watoto wa watu wanapitishwa kila asubuhi chini ya mungu wa watu wengine.

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama Mwalimu wa Kuchora. Si yeye ndiye mwalimu pekee wa dini ya Kihindu pale chuoni? Basi shingo zote zikamlenga yeye, kana kwamba sanamu ilipanda langoni kwa miguu yake na yeye ndiye aliyeishikia ngazi. Akaweka uso mkavu.

Nembo yenyewe ilikuwa hivi. Juu ya lango kuu, kwenye duara pana la plasta nyeupe, alikaa Saraswati, ambaye kwa Wahindu ndiye mungu wa kike wa elimu. Alikaa juu ya ua la yungiyungi. Mikono miwili ilishika ala ya nyuzi, wa tatu ulishika kitabu, wa nne shanga za sala. Miguuni pake alisimama batamaji, ndege ambaye Wahindu husema ukimpa maziwa yaliyochanganywa na maji atakunywa maziwa na kuyaacha maji. Nembo ya kwenye barua na ya kwenye mifuko ya mashati ya wanafunzi ilinakiliwa kutoka hapo, ila kwa udogo wake ilibaki ua na ndege tu, na hao hawakumsumbua mtu. Aliyewasumbua ni yule wa langoni.

Na yule wa langoni aliumbwa na baba yake Mwalimu wa Kuchora. Baba alikuwa fundi wa sanamu za plasta, yeye na mdogo wake, kwenye karakana moja yenye vumbi jeupe mpaka kwenye kope za macho. Kazi zake nyingine zote zilishakwenda na maji. Maduka aliyoyapamba yalibomolewa, na sanamu za hekaluni zilipakwa rangi juu ya rangi hadi ukizitazama humwoni tena aliyezitengeneza. Ilibaki hii moja. Ukisogea karibu ulikuta alama ya dole gumba lake kwenye bawa la batamaji, pale alipolikandamiza likiwa bichi. Binti yake akipita pale asubuhi aliinamisha kichwa kidogo, mara moja, kisha akaenda kufundisha. Hilo ndilo lililokuwa linataka kugongwa nyundo.

Alijitetea, tena kwa maneno makali. Kwenye chumba cha walimu alisema ile ni pambo tu, na kama ni mambo ya kuabudu, basi mbona hakuna anayemwabudu simba wa kwenye kiberiti? Wenzake wakacheka kidogo, wakaangalia chini. Mwenyekiti, aliyekuwa amesimama mlangoni bila watu kumwona, akaingia.

"Simba wa kiberiti hasalimiwi," akasema. "Wewe nimekuona asubuhi unamsalimia."

Mwalimu wa Kuchora akamjibu kwamba anayemsalimia ni baba yake. Mwenyekiti akauliza kama baba yake alikuwa na mikono minne. Hapo chumba kizima kikacheka, hata mwalimu wa hesabu, ambaye kila siku alikuja kuazima chaki kwake. Mtu akichekwa na adui huvumilia. Akichekwa na yule anayempa chaki, linamwingia hadi kwenye mifupa.

Tangu siku hiyo mambo yakawa ya uadui wa wazi. Kikombe chake cha chai kilikutwa kimewekwa peke yake dirishani, mbali na vikombe vingine. Hakuna aliyesema kakiweka nani na hakuna aliyekirudisha. Wanafunzi wakamchora ubaoni ana mikono minne, kila mmoja umeshika fimbo, na kusema kweli mchoro wenyewe ulikuwa mzuri, aliwafundisha mwenyewe. Aliufuta bila kugeuka, akaanza somo. Mwenyekiti naye akawa hapiti langoni tena, anazunguka na gari lake hadi mlango wa nyuma, kule kunakopitia takataka za jikoni, ili watu wajue kwamba yeye ni mtu wa msimamo.

Mkuu wa chuo alikuwa mtu wa huku na huku. Mbele ya Mwenyekiti alisema sanamu ina matatizo, mbele ya Mwalimu wa Kuchora alisema ina historia. Mwishoni akaona ajitoe lawamani, akatangaza kwamba bodi itakaa Ijumaa na kupiga kura. Ikishinda kura ya kubomoa, mafundi watapanda siku hiyo hiyo.

Mwalimu wa Kuchora akapiga moyo konde. Aliwaza kwamba wajumbe wa bodi ni watu wa kuja na kuondoka. Wangapi waliwahi kuinua macho wakaitazama ile sanamu? Wanaijua ikiwa imepauka, ina ukoga wa mvua kwenye mikunjo ya nguo, ndege hana mdomo. Acha waione ilivyo nzuri. Mtu akishaona kitu kizuri, mkono wake huwa mzito kukivunja. Hivyo ndivyo alivyowaza, na mimi simlaumu, ingawa yaliyomkuta yalianzia hapo.

Jumatano mchana, wanafunzi wakiwa madarasani, akaegemeza ngazi langoni akapanda na ndoo, brashi na plasta kidogo kwenye karai. Mlinzi wa lango alimwuliza kama ana ruhusa. Akamwambia ruhusa anayo tangu azaliwe. Mlinzi akaona ugomvi wa wakubwa haumhusu, akarudi kwenye kibanda chake.

Alisugua ukoga kwa brashi ngumu. Akamtengenezea ndege mdomo mpya. Akazipaka nyuzi za ala rangi ya dhahabu, na pindo la nguo buluu kama lilivyokuwa zamani. Alikuwa anaimba chini chini, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Alipofika usoni akakuta hamna macho. Palikuwa na mashimo mawili laini yenye kope za juu na za chini, na katikati patupu, peupe kabisa. Akapapasa kwa kidole. Akasema moyoni, masikini, mvua imekula rangi yote.

Angesimama hapo akafikiri kidogo, mambo yangekuwa mengine. Alijua, kwani alizaliwa kwenye karakana, kwamba kwenye sanamu za hekaluni macho ndiyo ya mwisho. Fundi huyaacha hadi siku ya kumweka mungu mahali pake, ndipo macho yanafunguliwa kwa sala, na kabla ya hapo sanamu ni udongo tu na unaweza hata kuning'iniza shati lako juu yake. Alijua yote hayo. Lakini si alikuwa ameshinda wiki nzima akiwaambia watu kwamba hii ni pambo? Mapambo hayana miiko. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yamemwingia kichwani hadi akayaamini, akachovya brashi nyembamba kwenye rangi nyeusi.

Aina ya macho ndiyo ilimsumbua. Hakutaka macho ya kwenye kalenda, yale makubwa kama ya sinema. Mwishoni mkono wake ukachagua wenyewe. Akachora macho mapana kidogo, yamelala upande wa nje, la kushoto likiwa limefumba zaidi ya la kulia kidogo sana, kama ya mtu anayepima jambo kabla hajalisema. Alipomaliza akashuka, akarudi nyuma hadi barabarani, akatazama. Mlinzi naye akatoka kibandani kutazama, akasema huyu mama sasa anamwangalia yeye tu, kila anakokwenda. Mwalimu wa Kuchora akacheka kwa furaha. Wee, aliona ameshinda.

Kesho yake Mkuu wa chuo akamwita ofisini na kumwambia habari njema, kwa namna yake ya kunong'ona. Amempata shahidi. Ni yule baba mdogo wake, aliyeumba ile nembo pamoja na baba yake. Mzee amekubali kuja kuieleza bodi ilitengenezwa vipi na kwa makubaliano gani.

Mwalimu wa Kuchora na baba mdogo walikuwa hawasemeshani. Baada ya mazishi ya baba yake, ndugu wote wakiwa wamekaa, mzee alimwomba arudi karakanani wasaidiane, maana jina la karakana lilikuwa lao wote. Yeye, na shahada yake ya sanaa ikiwa bado ina joto, akasema mbele ya mashangazi na wajomba kwamba kujaza plasta kwenye kalibu si sanaa, ni kunakili. Mzee alinyanyuka akaenda kunawa mikono, akarudi akakaa mbali. Tangu hapo wakikutana kwenye harusi walipishana kama watu wa basi.

Hata hivyo jioni ile alikwenda. Karakana ilikuwa ile ile, mlango ule ule wa mbao mbili, vumbi lile lile. Alimwamkia, mzee akaitikia kwa kidevu bila kuacha kusugua kalibu aliyokuwa nayo mapajani. Akamwomba amwambie kesho atasema nini, wapange maneno yao yasipishane.

"Mimi sipangi maneno," baba mdogo akasema. "Kwani ninachokwenda kusema si sanaa. Ni kunakili tu."

Akaendelea kusugua. Mwalimu wa Kuchora alisimama pale mlangoni muda wa kutosha kudhalilika, halafu akaondoka. Angeambiwa aingie, angesimulia alivyoisafisha nembo, alivyoipaka rangi, yote. Hakuambiwa.

Ijumaa bodi ikakaa. Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu yenye kioo juu, na chini ya kioo picha za mahafali ya miaka yote, hivyo ukizungumza ulikuwa umeegemeza viwiko kwenye nyuso za watu. Mwenyekiti alifungua kwa maneno machache yenye sumu. Alisema hana chuki na dini ya mtu. Asemaye hivyo kabla hajaulizwa, mtegee sikio. Alisema kuna watu walitumia kazi waliyopewa kupandikiza mungu wao juu ya vichwa vya watoto kwa siri, na leo wanajifanya ni pambo. Alimtazama Mwalimu wa Kuchora wakati wote alipokuwa anasema.

Baba mdogo, aliyeletwa kwa gari la chuo kupitia mlango wa nyuma, alikuwa amevaa koti la zamani lililombana mabegani. Hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alisimama, akaweka viganja vyake juu ya kioo, viganja vilivyopasuka kwa chokaa, akaeleza taratibu.

Alisema maneno haya haya ya Mwenyekiti yalisemwa wakati lango linajengwa. Waanzilishi walikuwa watu wa dini mbalimbali, na baadhi yao walikataa kabisa kumwona Saraswati. Walikaribia kushikana mashati. Ndipo kaka yake akasimama na kuwapa ahadi. Aliwaambia kwamba kwa desturi ya Kihindu sanamu haiwi mungu hadi ifunguliwe macho. Isiyo na macho ni udongo, ni somo, mtu yeyote anaweza kupita chini yake na asiwe amemwinamia mtu. Kwa hiyo atamwumba mzima, mikono, ndege, ua, kitabu, lakini macho hatampa kamwe, na mwenye wasiwasi siku yoyote atainua kichwa na kujionea. Waanzilishi wakakubali, wakapeana mikono.

"Kaka yangu alipita pale maisha yake yote," baba mdogo akasema. "Na brashi mfukoni. Hakumpa macho. Alikuwa amewaahidi watu."

Mjumbe mmoja, mama mwenye duka la vitabu, akasema kama ni hivyo basi tunagombania nini? Mwingine akaitikia. Hata Mwenyekiti alikuwa ameinamisha uso, anakunja na kukunjua kipande cha karatasi. Mwishowe akasema, na mtu alisikia kwamba maneno yanamtoka kwa shida, kuwa yeye ni mtu wa haki. Kama wenyewe walimfanya kipofu makusudi ili kuwaheshimu wengine, hana neno tena. Ila akaione kwa macho yake, maana yeye siku hizi hapiti lango lile. Viti vikavutwa. Watu wakasimama, wengine wanatabasamu kwa kupata nafuu.

Mwalimu wa Kuchora hakusimama. Nafasi ya kusema ilikuwa hapo, kabla hawajafika mlangoni: sentensi moja tu, nimeyachora mimi juzi kwa kutokujua. Alifungua mdomo. Mwenyekiti alikuwa anampisha baba mdogo mlangoni, anamshika kiwiko kwa adabu, anamwita mzee wangu, na Mwalimu wa Kuchora akashindwa. Akajidanganya kwamba labda wataangalia juu juu tu. Akajidanganya pia kwamba macho ya mzee hayaoni mbali siku hizi. Akawafuata nyuma, umbali wa mtu asiyehusika.

Walifika langoni, wakainua vichwa. Jua lilikuwa linapiga uso wa plasta moja kwa moja. Macho yalikuwa meusi, mapya, yanang'aa, na yaliwatazama wote.

Mama wa duka la vitabu alitazama sanamu, akamtazama mzee, akatazama viatu vyake. Mwenyekiti alianza kucheka polepole, kicheko cha mtu aliyekaribia kupoteza mali yake akaikuta mfukoni.

"Mzee wangu," akasema, "huyu ndiye kipofu wako?"

Baba mdogo alikuwa amesogea hadi chini kabisa ya lango, kichwa amekiinua, mdomo uko wazi kidogo. Alikaa hivyo hadi watu wakaanza kuona haya kwa niaba yake.

"Nani kamfungua macho?" akauliza.

"Mimi, baba mdogo," Mwalimu wa Kuchora akasema. "Juzi. Nilidhani rangi imefutwa na mvua."

Alieleza yote hapo, haraka haraka, ngazi, ukoga, mdomo wa ndege. Kila alichosema kilikuwa kweli na kila kilichotoka kilizidi kumzamisha. Mwenyekiti aliwageukia wajumbe akanyoosha mikono. Alisema hahitaji kuongeza neno. Ahadi ilitolewa na baba, ikavunjwa na binti, tena wiki ya kura, na mdogo wa huyo baba mwenyewe ndiye aliyekuja kuwaonyesha palipovunjwa. Akawauliza kama kuna asiyetaka kubomoa. Mkono hata mmoja haukuinuka, si wa Mkuu wa chuo wala wa mama wa duka la vitabu. Na kwa kweli ungeinuka kwa hoja gani?

Baba mdogo alikuwa bado anatazama juu.

"Hayo macho ni ya kaka yangu," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemtaja mtu aliyekutana naye sokoni. "La kushoto lile. Ulipata wapi mkono wa kuyatoa hivyo?"

Hilo ndilo neno ambalo Mwalimu wa Kuchora angetoa chochote kulisikia siku ile ya mazishi, na sasa lilimjia mbele ya Mwenyekiti na mafundi wawili waliokuwa wanatoka stoo na nyundo mabegani. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Baba mdogo akawaambia mafundi wangoje. Akamwambia Mwenyekiti, bila kumtazama, kwamba atabomoa, hilo limepita, lakini aliyefunguliwa macho hapigwi nyundo huku anaona. Mwenyekiti akafungua mdomo kukataa, mama wa duka la vitabu akamwambia yatosha, na akanyamaza. Mzee akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti akatoa patasi fupi, ile ya karakanani, mpini wake umekuwa mweusi kwa mikono ya watu wawili. Akampa binti wa kaka yake.

"Panda wewe," akasema. "Uliyafungua wewe. Anza na macho."

Akapanda. Alipofika juu uso ulikuwa mbele ya uso wake, karibu kiasi cha kuhisi joto la plasta iliyoshinda juani. Chini Mwenyekiti alikuwa anawaambia watu warudi nyuma wasiangukiwe na vipande. Baba mdogo alikuwa ameishika ngazi kwa mikono yote miwili, amegeuza kichwa upande wa barabara asitazame. Mwalimu wa Kuchora aliweka ncha ya patasi kwenye kona ya jicho la kulia, akalikwangua hadi likawa jeupe. Kisha akahamia la kushoto, ambalo lilikuwa limefumba zaidi kidogo kuliko lenzake, likimpima, na hapo mkono wake ukagoma.

"Umemaliza?" Mwenyekiti akauliza kutoka chini.

Baba mdogo akajibu kwa niaba yake. Akasema bado, bado jicho moja linaona, na akaikaza ngazi.